Kamera Ilimkuta Jacques Pépin Akiwa Kazini

Kuna ile orodha ambayo kila mtu ashawahi kutumiwa. Watu walioacha shule na bado wakaomoka. Inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp matokeo ya KCSE yakitoka, halafu inarudi tena chuo zikianza kudai karo. Bill Gates yuko, Steve Jobs yuko, Mark Zuckerberg yuko. Ukimaliza kuisoma unaona kama kitu pekee kinachokuzuia kuwa bilionea ni ule muhadhara wa saa mbili mchana.

Mimi natumiwa hiyo orodha kuliko watu wengi, juu niliacha chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, karo ikakataa, nikatoka. Sai natengeneza video. Sijakuja hapa kulia wala kujipigia makofi. Nimekuja kuongeza jina moja kwa hiyo orodha, halafu nikuonyeshe kwa nini orodha yenyewe inatuchezea akili.

Jina ni Jacques Pépin.

Hata kama hulijui jina, kuna uwezekano umekutana na mikono yake. Kuna video yake ya kupika omleti ambayo imetazamwa mara mamilioni kwa YouTube. Mzee Mfaransa, sauti ya upole, kikaango kimoja na uma. Anatikisa kikaango kwa mkono mmoja, anakoroga kwa uma na mkono mwingine, na kabla hujaelewa anafanya nini mayai yamejikunja kama mkeka mdogo, laini, bila hata doa la kahawia. Kuna nyingine anatoa mifupa yote ya kuku mzima, na kuku anabaki kipande kimoja. Anaongea tu na wewe huku kisu kinaenda. Haangalii kisu sana. Hana haraka na hakawii.

Nilianza kumtazama kwa sababu ya kazi. Nilitaka kujua mtu anawezaje kushika macho ya watu bila muziki wa kelele, bila kukata picha kila sekunde mbili, bila kupiga nduru. Nikaenda kusoma maisha yake. Na hapo ndipo stori ya "aliacha shule" ikaanza kuwa na matatizo.

Ni kweli aliacha shule. Alizaliwa mwaka wa 1935 Bourg-en-Bresse, mji mdogo karibu na Lyon, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa na mkahawa, kwa hivyo jikoni alianza kusaidia akiwa mtoto. Mwaka wa 1949, akiwa na miaka 13, akatoka darasani na kuingia jikoni kwa Grand Hôtel de l'Europe, hoteli ya huko kwao, kama mwanagenzi. Hapa ndipo msee wa orodha anasimamisha stori na kusema: unaona? Hakuhitaji shule!

Ngoja kwanza. Mwanagenzi wa jikoni enzi hizo hakuwa anapika. Alikuwa anaosha, anamenya, anawasha jiko la makaa, ananyonyoa kuku, anapanguza. Pépin amesimulia mara nyingi kwamba ukiambiwa fanya hivi, unafanya. Ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba umeambiwa. Unarudia kitu kimoja mpaka mkono unakijua kuliko kichwa. Hiyo ilikuwa shule, tena kali kuliko zetu nyingi, na hakuna mtu alikuwa anampigia makofi.

Akaenda Paris, akafanya kazi jikoni mwa Plaza Athénée, hoteli ya matajiri yenye jeshi zima la wapishi. Kule kazi yako haikuwa kuonyesha wewe ni nani. Kazi yako ilikuwa kupika sahani ifanane kabisa na ile ya mwenzako aliye kando yako, mteja asijue nani amepika. Ukiwa mzuri, hakuna anayekujua. Hebu fikiria hiyo kwa kizazi chetu ambacho tunaweka jina letu kwenye video hata kabla haijaanza.

Halafu akaitwa jeshini, na kati ya 1956 na 1958 akawekwa kupikia wakuu wa serikali ya Ufaransa. Mmoja wao ni Charles de Gaulle mwenyewe. Mtu wa miaka 22 anapikia de Gaulle! Leo ungepiga picha na kila sahani. Lakini yeye anasema hakuna hata siku moja aliitwa kutoka jikoni aje kwa meza kupongezwa. Wakati huo mpishi alikuwa mtu wa chini kabisa kijamii. Mama mzuri alitamani mtoto wake awe daktari au wakili. Kupika ilikuwa kazi ya yule ambaye mambo mengine yamemkataa.

Hiyo ya mwisho unaijua. Mwambie mathe umechagua kozi ya upishi uone uso wake.

Mwaka wa 1959, akiwa na miaka 23, akavuka bahari akaenda New York. Akapata kazi Le Pavillon, mkahawa wa Kifaransa uliokuwa na jina kubwa kuliko yote mjini humo. Na hapa stori inafika mahali ambapo mimi nikisoma niliweka simu chini.

Mwaka wa 1961 John F. Kennedy anaingia Ikulu ya Marekani. Familia ya Kennedy walikuwa wateja wa Le Pavillon, na Pépin akapewa nafasi ya kuwa mpishi wa Ikulu. Wakati huohuo kulikuwa na kazi nyingine mezani: Howard Johnson's. Hiyo ilikuwa mikahawa ya barabara kuu yenye mapaa ya rangi ya machungwa, mahali familia iliyo safarini inasimama kula soseji, chaza wa kukaanga na aiskrimu. Mwenye kampuni alikuwa mteja wa Le Pavillon, na alikuwa amemchukua mkuu wa jikoni wa pale, Pierre Franey. Pépin akamfuata Franey.

Soma tena hiyo. Jamaa alikataa Ikulu akaenda kwa mikahawa ya kando ya barabara.

Mpishi aliyeichukua ile kazi ya Ikulu, René Verdon, alijulikana Marekani nzima. Pépin akaenda Queens akasimama kwenye jiko la mkahawa mmoja wa Howard Johnson's akigeuza baga, ili ajue Wamarekani wanakula nini na wanakulaje. Kisha yeye na Franey wakaingia kwenye jiko la majaribio la kampuni. Wakatoa majarini wakaweka siagi. Wakatoa vitunguu vilivyokaushwa wakaweka vitunguu vibichi. Wakachukua mapishi ya sufuria moja wakayapanua mpaka yakawa ya mapipa, chakula kile kile kikitoka na ladha ile ile kwa mikahawa mingi kwa wakati mmoja. Alikaa huko miaka 10. Mwenyewe huwa anasema hapo ndipo alifanya uanagenzi wake wa pili, wa Kimarekani. Alijifunza kemia ya chakula, bei, na jinsi ya kupikia maelfu bila kuwapikia takataka.

Huko Paris alikuwa amepikia wakuu wa serikali tayari. Alijua jikoni mwa ikulu kuna nini: kazi ile ile, kwa watu wachache, nyuma ya mlango. Howard Johnson's hakujua kuna nini. Akachagua kule ambako kulikuwa na kitu hakijui.

Na sasa ile sehemu ambayo msee wa orodha hawezi kuisema, juu ikisemwa orodha inaanguka. Jacques Pépin alirudi shule.

Muda mfupi tu baada ya kufika New York alijiandikisha Chuo Kikuu cha Columbia, kwanza kusoma Kiingereza cha wageni. Hakuwa na cheti cha sekondari, kwa hivyo ilibidi akitafute hicho kwanza, mtu mzima mwenye kazi. Mchana Howard Johnson's, jioni darasani. Shahada ya kwanza aliipata 1970, zaidi ya miaka 10 tangu aanze. Mwaka wa 1972 akapata uzamili katika fasihi ya Kifaransa. Akataka kuendelea na uzamifu, akapendekeza aandike kuhusu chakula katika fasihi ya Kifaransa. Wakamwambia hiyo mada si ya maana kiasi hicho.

Chakula, si mada ya maana. Wafaransa! Lakini miaka mingi baadaye yeye na Julia Child walisaidia kuanzisha masomo ya chakula katika Chuo Kikuu cha Boston, na leo mtu anaweza kupata digrii ya uzamili hapo kwa kusomea kitu kile kile alichoambiwa ni cha mchezo.

Kwa hivyo mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 13 alikaa darasani mpaka alipokuwa na miaka 36. Utamweka wapi kwa orodha yako?

Bado hatujafika kwa runinga, na hii ndiyo sababu niliahidi kuandika hii kitu. Watu wananiuliza kila siku kwa DM: nianzeje kutengeneza kontenti? Ninunue simu gani? Taa gani? Nipost saa ngapi? Ni maswali mazuri, nayajibu. Lakini Pépin alifikaje mbele ya kamera?

Mwaka wa 1974 gari lake liligonga kulungu barabarani, usiku. Akavunjika mgongo, nyonga, mguu, mkono. Alipona, lakini mwili ule haungeweza tena kusimama jikoni saa 14 kwa siku. Alikuwa na miaka 38, na kazi aliyoifanya tangu utotoni ilikuwa imefungwa.

Sasa ungekuwa wewe. Ondoa kitu kinachokulipa leo. Unabaki na nini?

Yeye alibaki na vitu vitatu. Mikono iliyojua kila kitu. Kichwa kilichozoea kupanga na kueleza, kwa sababu ya Columbia. Na uelewa wa jinsi Mmarekani wa kawaida anavyokula, kwa sababu ya ile mikahawa ya mapaa ya machungwa. Akaanza kuzunguka Marekani akifundisha, mji hadi mji. Mwaka wa 1976 akatoa kitabu kinaitwa La Technique, ambacho si cha mapishi tu. Ni picha, hatua kwa hatua, mikono yake ikionyesha jinsi ya kushika kisu, kukata kitunguu, kufunga kuku kwa uzi. Ukikifikiria vizuri, hiyo ni video ya mafunzo kabla video za mafunzo hazijakuwepo. Tom Colicchio, yule jaji wa kipindi cha Top Chef, alijifundisha kupika kwa vitabu hivyo vya Pépin.

Runinga ikaja baada ya hapo. Kipindi chake mwenyewe cha kwanza kilitengenezwa 1982 na kituo cha umma cha Jacksonville, Florida. Alikuwa na miaka 46. Kutoka ile siku aliingia jikoni kama mwanagenzi mpaka kipindi chake cha kwanza ni miaka 33. Wengi wetu hata hatujaishi miaka 33.

Baadaye vikafuata vipindi vingine, vingi vikitengenezwa na KQED ya San Francisco. Na 1999 kikaja kile ambacho Wamarekani wanakikumbuka zaidi, yeye na Julia Child wakipika pamoja kwenye jiko la nyumbani kwa Julia. Wawili hao ni vituko. Julia ni Mmarekani aliyejulikana kwa kufundisha upishi wa Kifaransa. Pépin ni Mfaransa aliyejifunza Marekani kwa kupika baga. Wanabishana mbele ya kamera kuhusu pilipili manga, mmoja anataka nyeupe, mwingine nyeusi, na hakuna anayekubali kushindwa. Kipindi hicho kilipata tuzo ya Emmy mwaka wa 2001. Hakuna aliyewaandikia kelele za kusema. Walikuwa na vitu vya kubishania kwa sababu wote wawili walikuwa wanajua wanachoongea.

Halafu 2020 Korona ikafungia watu nyumbani. Mzee ana miaka 84, yuko jikoni mwake Connecticut, akaanza kuweka video fupi kwa Facebook. Mabaki ya jana, mayai, mkate uliokauka, jibini vipande vipande, mboga zinazokaribia kuoza. Hakuwa na programu mpya ya kuhariri wala jina jipya. Watu mamilioni wakamtazama. Wengi wetu tulikuwa tunafungua akaunti zetu za kwanza mwaka huo huo, tukihangaika na mwanga wa dirishani. Mzee akatupita akitembea.

Najua unachotaka kusema, juu mimi mwenyewe nilijiambia hivyo. Utasema alikuwa na bahati. Ni kweli. Alikuwa Mzungu kutoka Ufaransa akiingia Marekani 1959 na upishi ambao matajiri wa kule walikuwa tayari wanauheshimu. Mpishi wa kutoka Kisumu au Kigoma hangefunguliwa milango ile. Utasema pia kwamba kodi ya nyumba haingoji miaka 33, na landlord hapokei uanagenzi. Kweli tena. Mimi pia nalipa kodi, na najua tarehe tano inavyofika mbio.

Lakini bahati inaeleza mlango ulifunguka vipi. Haielezi kwa nini aliyeingia alikuwa na kitu mkononi. Wapishi wa Kifaransa walijaa New York. Na ile ajali haikumpa ujuzi wowote. Ilimkuta nao.

Na simaanishi uzime simu mpaka 2059. Sisi tuna kitu ambacho yeye hakuwa nacho: tunaweza kujifunza na kurekodi kwa wakati mmoja. Msichana anayejifunza kushona Gikomba anaweza kutuonyesha mshono wake wa kwanza uliopinda na wa mia ulionyooka. Fundi wa pikipiki anaweza kueleza injini akiwa ameshika spana. Hiyo ni nafasi nzuri kuliko ya Pépin. Shida ni kwamba wengi wetu tumeruka hiyo sehemu ya kushona na kushika spana. Tumeanza na kamera halafu tunazunguka tukitafuta cha kuielekezea. Ndiyo maana wiki hii ni dansi, wiki ijayo ni mzaha wa kumshtua mtu kwa stendi ya matatu, wiki ya tatu ni kulia ukiomba laiki. Mtandao ukibadilisha kanuni zake usiku mmoja, asubuhi huna kazi, juu kazi yako yote ilikuwa ile kanuni.

Mimi nilipoiona hivyo nilitafuta jiko langu. Siku tatu kwa wiki sasa niko na jamaa anayepiga video za harusi. Nabeba taa, nakunja nyaya, nabadilisha betri, nasikiliza sauti kwa vipokezi masikioni mpaka kasisi amalize. Jina langu haliko kwenye video hata moja. Lakini najua vitu vya sauti ambavyo miezi 8 iliyopita sikuwa navijua, na hivyo hakuna mtandao unaweza kuninyang'anya. Jioni nikitengeneza za kwangu, unaziskia tofauti hata kama huwezi kusema ni nini.

Kwa hivyo ukiwa uko chuo na karo inalipika, kaa. Usitoke kwa sababu ya orodha ya WhatsApp. Ukiwa ulitoka kama mimi, mlango wa darasa ulifungwa, lakini ule wa kujifunza hauna askari. Uende TVET, uende kwa fundi wa mtaa, uende jikoni kwa hoteli umenye viazi. Na mtu akikuletea kazi mbili, moja ina jina na nyingine ina kitu hujui, fikiria yule kijana wa miaka 25 aliyeacha Ikulu akaenda kugeuza baga Queens.

Tangu 2016 kuna wakfu wenye jina lake, alioanzisha na binti yake na mume wa binti yake. Kazi yake ni kusaidia mafunzo ya upishi kwa watu waliotoka jela, waliokosa makao, waliotoka kwenye dawa za kulevya, watu ambao hakuna anayewapa kazi. Baada ya runinga yote ile, vitabu vyote vile, alichoona kinafaa kumpa mtu aliyekwama ni kisu, ubao wa kukatia, na mtu wa kumwonyesha vile kinashikwa.

Niambie kwa maoni: ukiondoa simu, wewe unajua kufanya nini? Na kama jibu ni "bado", taja jiko unaloenda kuingia. Nitasoma yote.